Ubalozi Mdogo, Msiba Mkubwa

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, usisikitike, hukukosa ushujaa wowote. Mimi Anold nilitimuliwa Sirari, kwenye kazi ya kukimbizana na maroli ya mpakani. Nikaenda Mwanza, nikaajiriwa na Mama Verdiana, konseli wa heshima wa nchi moja ya Ulaya ambayo mhariri amenikataza kuitaja. Nyumbani nikatangaza kwamba sasa mimi ni mwanadiplomasia. Kazi yenyewe ilikuwa kuchemsha chai, kupandisha bendera asubuhi na kuishusha jioni.

Simulizi tuliiachia pale Mama Verdiana alipotoka chumbani kwake na uso umemshuka, akaniuliza, "Anold, Tarime unaijua?"

Nikacheka.

"Mama, Tarime ni kwetu. Hakuna mbuzi anayekata kamba Tarime mimi nisijue."

Jibu hilo ndilo lililoniponza.

"Raia wetu mmoja amefariki huko," akasema. "Anaitwa Steven. Binti yake, Judith, ametua Mwanza jana. Anataka baba yake akazikwe kwao, kando ya wazazi wake. Nasikia wenyeji wanaweza kuwa wagumu."

"Wagumu? Mama, Mkurya akishaona bendera analainika. Niachie mimi. Mwili huo nitakuletea mwenyewe."

Alinitazama kama mtu anayetazama daraja lililooza, akijua hana njia nyingine ya kuvukia.

Tukaondoka asubuhi. Dereva wetu Gidion alikuwa kwenye usukani, mimi kando yake nimefunga tai, Mama Verdiana na Judith nyuma. Judith alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, macho mekundu, na alikuwa ameshikilia mkoba wake kama mtoto anayeshikilia nguo ya mama yake sokoni.

Safari ya Mwanza hadi Tarime inatosha kabisa konseli kukusimulia historia nzima ya ofisi yake, na Mama Verdiana hakunionea huruma.

"Unajua ofisi yetu ilianzaje?"

"Sijui, mama."

"Ilianza kwa pamba. Enzi za Mwingereza walikuja wafanyabiashara wa nchi ile kununua pamba ya Usukumani. Mmoja wao akapewa muhuri na bendera, akawa konseli, ofisi yake juu ya duka la nyavu. Unadhani alikuwa anafanya nini?"

"Kutoa viza."

"Viza!" Akagonga kiti changu kwa nyuma. "Alikuwa anazika. Wenzake walikufa kwa malaria, wengine walizama ziwani, naye ndiye aliyeandika kwao kuwaambia mama zao. Baadaye biashara zikataifishwa, wakaondoka, ofisi ikafungwa. Bendera ikakunjwa ikatunzwa na padri. Miaka ya themanini wakaanza kuja vijana wao wa kuchimba visima, ikabidi ifunguliwe tena. Mimi nilisomea uuguzi kwao, lugha naijua kidogo. Konseli wa mwisho alipozeeka, akanikabidhi."

"Na serikali yao inakulipa?"

"Konseli wa heshima, Anold. Heshima ndiyo mshahara."

Nikaelewa kwa nini mshahara wangu ulikuwa mdogo vile. Nilikuwa nalipwa mabaki ya heshima.

"Viza ziko Dar, kwenye ubalozi wenyewe," akaendelea. "Sisi tuna raia aliyepoteza pasi, raia aliyelazwa, aliyefungwa, anayetaka kuoa, na raia aliyekufa. Kwa aliyekufa tunawafariji ndugu na kuwasaidia kupata vibali. Hatuamui lolote. Umenielewa? Hatuamui."

"Nimeelewa," nikasema, huku nikirekebisha tai kwenye kioo cha pembeni.

Simu yangu ilikuwa ikitetemeka mfukoni tangu juzi. Ni baba, mzee Marwa. Sikupokea. Tangu nijitangaze mwanadiplomasia, kila simu kutoka nyumbani ilikuwa ya viza: ya binamu, ya mwalimu, ya kwaya nzima. Baba mwenyewe hakutaka viza. Yeye alitaka kunishusha tu. Nilipomwambia nafanya kazi ubalozi mdogo, alijibu, "Hata mimi ni balozi. Balozi wa nyumba kumi. Mbona sijafunga tai?"

Tulipofika Tarime mjini, Mama Verdiana akashuka kwenye ofisi za serikali kufuatilia kibali cha kusafirisha mwili.

"Mpeleke Judith kwa wafiwa," akaniambia. "Toeni pole, mkae kidogo, mnisubiri. Usiahidi kitu. Umesikia? Usiahidi kitu."

"Nimesikia. Ni kijiji gani?"

"Dereva ameelekezwa. Ni huko Gorong'a."

Nikacheka tena. "Gorong'a ndiko kilikozikwa kitovu changu!"

Nikajiuliza njiani, mzungu gani huyo wa Gorong'a? Nikapekua kichwa changu chote, sikumbuki mzungu. Basi nikaamua ni mtalii aliyepotea njia ya Serengeti.

Gidion akakata kona kwenye mashine ya kusaga. Akapita nyumba ya fundi Simoni. Akapita shule niliyosoma. Nikaanza kuona vitu ninavyovijua kuliko nilivyopenda.

Gari likasimama kwa shangazi yangu Agness.

Turubai limefungwa uani. Wanawake wanalia. Wanaume wako kando ya zizi na majembe, udongo mwekundu umerundikwa. Baba akaja kunilaki, fimbo mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Simu hupokei, mura. Lakini umekuja, tena na gari lenye bendera. Umemheshimu mume wa shangazi yako."

"Baba, kwani nani amekufa?"

Akanitazama mpaka tai ikanibana.

"Unaniuliza mimi? Waitara amekufa! Ulifikiri nakupigia simu kukuomba viza?"

Mzee Waitara!

Nilikuwa bado sijaunganisha mambo. Ndipo nikasikia Judith akipiga ukelele nyuma yangu. Mlangoni, juu ya kigoda, waliweka picha ya marehemu: mzee mwenye kofia ya majani, meno machache, ngozi iliyoungua jua mpaka ikafanana na yetu. Judith aliikimbilia akapiga magoti mbele yake.

Msomaji, nisikilize kabla hujacheka. Mzee Waitara alikuja kuchimba visima kabla sijazaliwa, akamuoa shangazi, akabaki. Amechimba kuanzia Gorong'a hadi Nata, wilaya ya Serengeti. Alisema Kikurya, alibishana juu ya ng'ombe, na aliwahi kunichapa kwa kuchezea pampu. Wazee walimpa jina la Waitara, na kwetu mtu akishapewa jina na wazee, la zamani, hata liwe Steven, halimfuati. Nilijua kwamba ni mweupe, kama ninavyojua kwamba fundi Simoni ni mfupi. Haikuwahi kunijia akilini kwamba yeye ni mzungu, mwenye nchi, mwenye konseli, mwenye binti.

Na mimi ndiye niliyeahidi kupeleka mwili wake Mwanza.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani, kitambaa cheusi kichwani. Tangu mume wake akate roho alikuwa amekataa Kiswahili. Alilia kwa Kikurya, akajibu pole kwa Kikurya. Judith hakujua neno hata moja. Basi wote wawili wakanigeukia mimi.

Hapa lazima niseme juu ya Kiingereza changu. Nilikiokota Sirari, kwa madereva wa maroli na mawakala wa forodha. Najua kusema mzigo umekwama, mzigo umekaguliwa, breki zimekufa. Neno la kufariji sikuwahi kulihitaji.

Shangazi akaanza. "Mwambie hivi huyu binti. Baba yake alipokuwa mzima hakuja. Leo ni maiti, ndiyo anamfuata?"

Judith akanitazama. "Anasemaje?"

Nikarekebisha tai.

"Anasema karibu sana. Umetoka mbali."

Judith akajifuta macho. "Mwambie asante. Mwambie najua amemtunza. Lakini tiketi ya baba iko tayari na kaburi liko tayari. Siondoki hapa bila yeye."

Nikamgeukia shangazi.

"Anasema asante kwa kumtunza. Anasema hataondoka hapa."

Sikudanganya, msomaji! Nilipunguza tu. Kama mtu anayepunguza mzigo ili roli livuke mzani.

Uso wa shangazi ukalegea. "Hataondoka? Atakaa kwenye matanga?"

"Ndivyo ninavyoelewa mimi."

"Basi mwambie kaburi liko tayari. Tumemsubiri yeye tu."

Nikamwambia Judith, "Anasema mambo yako tayari. Walikuwa wanakusubiri wewe tu."

Judith akaweka mkono kifuani. "Kwa hiyo wamekubali?"

Pale ndipo ningeweza kujiokoa. Nilikuwa na hesabu zangu: nikiwatuliza wote mpaka Mama Verdiana afike, yeye na mihuri yake atajua la kufanya. Nikatikisa kichwa kwa namna ambayo inaweza kuwa ndiyo, na inaweza kuwa nzi.

Judith akamkumbatia shangazi. Shangazi akamkumbatia Judith. Wanawake wakalia upya. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Akafuta pua kwa mgongo wa mkono, akanigonga bega.

"Sasa naona kazi ya ubalozi mdogo," akasema. "Inapatanisha watu."

Nikavimba. Nakiri, nilivimba. Nikafikiria hata kununua tai ya pili.

Shangazi akasimama. "Basi tusikae. Twende tukamchukue mochwari."

"Twende," akasema Judith, ambaye hakuhitaji tafsiri kuona watu wamesimama.

"Hapana!" nikaropoka. "Tumsubiri konseli kwanza."

"Konseli atatukuta huko," akasema baba. "Marehemu hasubirishwi watu wake wakishapatana."

Wakapakia jeneza la mvule alilochonga Simoni kwenye roli la kubebea mahindi. Waombolezaji wakapanda: wa Gorong'a, wa Nyangoto waliotoka machimboni na vumbi lao, na wazee waliotoka Nata kwa sababu ya kisima alichowachimbia. Roli likatangulia likiimba. Sisi tukafuata na bendera yetu. Judith alishika mkono wa shangazi kwenye kiti cha nyuma njia nzima. Nilikuwa natokwa jasho mpaka Gidion akaniuliza kama nina homa.

Kwenye geti la mochwari nilimwona Mama Verdiana. Amesimama kando ya pikapu, kibali mkononi, anatabasamu. Ndani ya pikapu kulikuwa na jeneza jingine, refu, limezungushiwa bati kwa ndani, lina vibandiko vya uwanja wa ndege.

Watu wakashusha la mvule. Wakaliweka chini kando ya pikapu. Wimbo ukapungua, ukabaki wa bibi mmoja ambaye macho yake hayaoni vizuri.

Baba akalizunguka lile jeneza la bati.

"Shikamooni wazee," alisema Mama Verdiana. "Poleni sana na msiba."

"Marahaba, mama. Tumeshapoa. Hili sanduku ni la nini?"

"La kumsafirishia marehemu."

"Kumsafirisha mpaka Gorong'a? Si mbali, mama. Hili letu linatosha."

"Sio Gorong'a, mzee. Ulaya."

Hata yule bibi akanyamaza.

"Anold," akasema baba.

"Anold," akasema Mama Verdiana.

"Anold?" akasema Judith, ambaye alikuwa ameanza kuhesabu majeneza.

Shangazi hakuniita. Alinitazama tu, na hilo ndilo nililoliogopa zaidi.

Mama Verdiana akanivuta kando, lakini si kando ya kutosha. Watu wote walisikia.

"Nilikuambia nini?"

"Usiahidi kitu."

"Ukaahidi nini?"

"Kila kitu."

Baba aliinua fimbo. Gidion akajifanya anakagua tairi. Kijana mmoja wa Nyangoto akauliza kwa sauti kama mwanadiplomasia naye hupigwa, au ni kinyume cha sheria.

"Acheni," akasema shangazi. Wakaacha. Akanisogelea. "Sasa mwanangu, nieleze. Huyu binti alisema nini hasa? Usiweke sukari."

Nikavua tai. Sijui kwa nini, ila ilikuwa haiwezekani kusema ukweli nikiwa nimeivaa.

"Alisema haondoki bila yeye. Kwao kaburi liko tayari. Tiketi ya mzee iko tayari."

Shangazi akafumba macho.

"Na maneno yangu? Ulimfikishia?"

"Hapana, shangazi."

"Mfikishie."

Nikamgeukia Judith. Kiingereza cha maroli hakina mahali pa kujificha. Nikasema wazi: shangazi anasema baba yako alipokuwa hai hukuja, leo amekufa ndiyo unamfuata.

Nilitegemea hasira. Judith akakaa chini, pale pale kwenye changarawe, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Ni kweli," akasema. "Lakini yeye ndiye alisema nisije. Kila mwaka aliniambia, usije, mimi nakuja. Krismasi hii nakuja. Nimemsubiri tangu nikiwa msichana wa shule."

Nikamtafsiria shangazi, neno kwa neno. Nikamwona akishika ukingo wa roli.

"Alikuwa anafunga begi kweli," akasema polepole. "Kila mwaka. Naliona hapo mlangoni. Halafu anatokea mtu wa Nata, au wa wapi sijui, kisima kimekufa, watoto wanakunywa maji ya bwawani. Analifungua. Nami nafurahi." Akamtazama Judith. "Nilikuwa nafurahi. Sikujua upande wa pili kuna mtoto anasubiri. Nilifikiri kuna nchi tu."

Nikatafsiri na hiyo. Nilipofika kwenye "nchi tu" sauti yangu ilinikatikia, na si kwa kukosa msamiati.

Mama Verdiana akafungua mdomo. Nadhani alitaka kueleza taratibu. Akaufunga. Akakunja kibali akakiweka ndani ya mkoba.

Shangazi akainama, akamshika Judith kwapani, akamnyanyua.

"Twende tukamwone," akamwambia kwa Kikurya.

Judith akafuata kana kwamba ameelewa.

Nikajipangusa uso, nikawafuata haraka. "Nije nitafsiri?"

"Kaa huko huko," akasema shangazi bila kugeuka. "Mjane na yatima hawahitaji mkalimani."

Mlango ukafungwa.

Nikabaki nimekaa kwenye changarawe, kushoto kwangu jeneza la mvule, kulia kwangu la bati, nyuma yangu ukoo mzima. Baba akaja akakaa karibu nami. Nikajikinga kichwa.

"Sikupigi," akasema. "Umri wa kuchapa umenipita. Niambie tu. Huyo konseli akiwa na ugomvi wa watu wake, huwa anafanyaje?"

"Haamui, baba. Anawakalisha wenyewe waongee."

"Kama mimi na nyumba zangu kumi."

"Kama wewe."

"Na wewe hiyo kazi umeifanya muda gani, usijue?"

Mama Verdiana, ambaye alikuwa amesikia, aligeuka akatazama barabarani, mabega yakimtikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au ananicheka.

Tulikaa. Jua likahama kutoka upande wa bati kwenda upande wa mvule. Ndani kulisikika kilio, kikatulia, yakafuata maneno, ya Kikurya na ya lugha ya Judith, yakipokezana, kama watu wawili wanaosaidiana kubeba kitu kizito mlangoni.

Mlango ukafunguliwa. Walitoka wameshikana mikono. Macho ya wote wawili yamevimba, lakini nyuso zimetulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu tuondoke Mwanza.

"Tumeelewana," akasema shangazi.

Mama Verdiana akanidokeza nimuulize Judith. Nikamuuliza.

"Ndiyo," akasema Judith. "Tumekubaliana. Yeye ameelewa, na mimi nimeelewa."

Waombolezaji wakashusha pumzi. Bibi yule akaanza wimbo wake upya. Baba akasimama akapangusa suruali, akiwa tayari kutoa amri.

"Basi jeneza moja lirudi lilikotoka," akasema. "Lipi?"

Wanawake wale wawili wakainua mikono pamoja.

Shangazi Agness alikuwa amenyooshea kidole jeneza la mvule, la kwao Gorong'a. Lirudi. Mzee aende na mwanawe.

Judith alikuwa amenyooshea kidole jeneza la bati. Lirudi. Baba abaki na mke wake.

Kila mmoja alikuwa anatabasamu kwa uchungu, kama mtu aliyekwisha kutoa alichokipenda kuliko vyote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona kidole cha mwenzake. Walikuwa wanatazama chini.

Nilimtazama Mama Verdiana. Alikuwa ameona. Baba alikuwa ameona. Uwanja mzima ulikuwa umeona, na uwanja mzima ulinigeukia mimi.

"Anold," akasema konseli, kwa sauti ndogo. "Simama. Na safari hii, uwaambie kila neno."

Nikasimama.